Fremu ya Nje Haifi? Hebu Tuikague Sifa Hii

Ukikaa na watu wanaopenda safari ndefu za miguu, wale wa kutembea miezi minne au mitano milimani huku wamebeba nyumba yao mgongoni, haichukui muda kabla mmoja hajasema: "Fremu ya nje haifi." Anamaanisha lile begi ambalo mifupa yake inaonekana: ngazi ya mabomba ya alumini, kitambaa kimening'inizwa juu yake, mkanda mpana wa kiunoni chini. Atakutajia begi la baba yake la miaka ya 1970 ambalo hadi leo linabeba. Wenzake watatikisa kichwa kukubali, na mjadala utaishia hapo.

Kwangu mimi, hapo ndipo ungepaswa kuanza. Msemo huo si uongo mtupu. Una ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umekaa mahali tofauti na pale watu wanapoonyesha kidole. Watu wanaonyesha alumini. Mimi nataka nikuonyeshe kipini kidogo cha chuma, kifupi kuliko kidole chako cha mwisho, na pete ya waya inayokizuia kisichomoke. Na kwa kuwa mabegi haya hayauzwi bei ya karanga, tofauti hiyo inakugusa mfukoni.

Kwanza tuwekane sawa. Begi la safari linahitaji kitu kigumu kinachochukua uzito kutoka mabegani na kuushusha kiunoni, maana mifupa ya nyonga na miguu inaumudu uzito kuliko misuli ya shingo na mabega. Kitu hicho kikishonewa ndani ya begi, tunasema fremu ya ndani. Kikikaa nje na begi likafungwa juu yake, ni fremu ya nje. Basi, tofauti ni hiyo tu.

Wazo lenyewe ni la kale kweli. Mwaka 1991, kwenye mpaka wa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyeganda kwenye barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Dunia ilimpa jina la Ötzi. Karibu naye kulikuwa na fimbo ya mti iliyopindwa kama herufi U na vibao viwili, vitu ambavyo watafiti wengi wamevitafsiri kuwa ni fremu ya kubebea mzigo mgongoni. Kwa hiyo ukitaka kushinda ubishi wa uimara, fremu ya nje inayo rekodi ya miaka elfu tano! (Barafu ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Lakini shika wazo hilo, tutalirudia: kitu kuwepo hadi leo na kitu kuwa imara ni mambo mawili.)

Huko Marekani, Lloyd Nelson wa jimbo la Washington alipata hataza ya ubao wake wa kubebea mizigo mwaka 1924, baada ya kuona na kutumia begi la wenyeji wa Alaska lililotengenezwa kwa vijiti na ngozi. Ubao huo, uliojulikana kama Trapper Nelson, ulikuwa wa mbao na turubai, na watu wa misitu waliutumia kwa miongo mingi. Kisha akaja Dick Kelty wa Glendale, California. Yeye alikuwa seremala. Mwaka 1952 alianza kuuza mabegi yenye fremu ya bomba la alumini, akiyatengeneza nyumbani pamoja na mke wake, Nena. Kabla ya hapo, yeye na rafiki yake walikuwa wamegundua milimani kwamba ukichomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, mabega yanapumua. Mkanda wa kiunoni ulizaliwa kutokana na ugunduzi kama huo. Si maabara, ni suruali.

Sasa tupige hesabu, maana maneno "imara" na "inadumu" bila namba ni matangazo tu.

Chukua njia ya Pacific Crest, inayotoka mpaka wa Marekani na Meksiko hadi mpaka wa Kanada. Urefu wake ni kama kilomita 4,265. Hatua yako ikiwa sentimita 70, utapiga hatua milioni 6 na ushei. Katika kila hatua kiwiliwili kinapanda na kushuka. Lawrence Rome na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliotengeneza begi la kuzalisha umeme kutokana na mwendo na kuchapisha kazi yao mwaka 2005, walitumia ukweli huohuo: nyonga za mtu anayetembea hupanda na kushuka sentimita 5 hadi 7. Tuchukue 5, na hatua mbili kwa sekunde. Fizikia ya kidato cha sita inatupa mchapuko wa karibu mita 4 kwa sekunde mraba, yaani asilimia 40 ya ule wa mvutano wa dunia. Maana yake begi la kilo 15 linaikandamiza fremu kama kilo 21 linapofika chini, na kama kilo 9 linapofika juu. Ishirini na moja, tisa, ishirini na moja, tisa. Mara milioni sita.

Hilo ndilo swali lenyewe la uimara. Si kwamba fremu inaweza kubeba kilo 21. Hata kiti cha plastiki kinabeba kilo 21. Swali ni kama inaweza kubebeshwa na kupunguziwa mara milioni sita bila kupata ufa.

Wahandisi wanauita uchovu wa metali. Umewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua? Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, lakini mikunjo kumi imeukata. Uchovu ni jamaa wa jambo hilo, ila wenyewe unafanya kazi kimyakimya, kwa mikazo midogo ambayo jicho haliioni. Ndege za abiria za Comet zilizoanguka mwaka 1954 zilifundisha dunia somo hilo kwa gharama kubwa: bodi ya alumini ilichoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa safari baada ya safari.

Na hapa alumini ina tabia moja ambayo mashabiki wa fremu ya nje hawaitaji. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake, kinaweza kuvumilia karibu milele. Alumini haina kiwango kama hicho kilicho wazi. Mkazo hata ukiwa mdogo, ukirudiwa mara nyingi vya kutosha, ipo siku ufa utaanza. Kwa hiyo neno "haifi" limekosea hata kabla hatujafika kwenye begi lenyewe. Alumini yote inakufa, tunabishania tarehe.

Tarehe hiyo ikoje basi? Aloi inayotumika sana kwenye mabomba ya namna hii ni 6061 iliyopikwa hadi hali inayoitwa T6. Vitabu vya vifaa vinaipa uwezo wa karibu megapaskali 276 kabla haijapinda moja kwa moja, na karibu 97 ikiwa itarudiwarudiwa mara milioni 500. Mimi nimechukua mabomba mawili yenye kipenyo cha milimita 16 na ukuta wa milimita 1.5, mzigo wa kilo 15 uliokaa sentimita 15 nyuma ya fremu, halafu nikafanya uonevu wa makusudi: uzito wote ukunje sehemu moja. Jibu ni kwamba mkazo unapanda hadi kama megapaskali 68 na kushuka hadi 29. Tofauti kati ya juu na chini, ambayo ndiyo inayochosha metali, ni 39.

Kwa bomba tupu, 39 ni kitu kidogo. Litamaliza Pacific Crest, litarudi, na litakwenda tena. Hapo mashabiki wako sawa kabisa.

Lakini fremu si bomba tupu. Fremu ni viungo.

Bomba la wima linakutana na bomba la mlalo mahali fulani, na pale lazima kuwe na kitu kinachoyashika. Fremu za kizamani za Kelty zilichomelewa, tena kwa mikono yenye ustadi. Fremu za shanta la ALICE la jeshi la Marekani, lililoanza kutumika miaka ya 1970, zilishikwa kwa ribiti. JanSport, kampuni iliyoanza Seattle mwaka 1967, ilikuja na viungo vya kubana mabomba bila kuyachomelea. Hizi ni fremu tatu za nje zenye maisha matatu tofauti, lakini ukisikiliza mazungumzo ya watu utadhani ni kitu kimoja.

Tuanze na kuchomelea. Hali ya T6 inapatikana kwa kuipasha aloi joto, kuipoza ghafla, kisha kuiacha katika joto la wastani kwa saa kadhaa hadi chembe ndogo ndani yake zijipange. Fundi akija na moto wake, anavuruga mpangilio huo. Pembeni tu ya mstari wa kuchomelea, nguvu ya 6061 inashuka hadi karibu nusu, isipokuwa fremu nzima ikipikwa upya baada ya kuchomelewa. Halafu kuna umbo: pale mstari wa kuchomelea unapokutana na bomba kuna kona ndogo, na mkazo unapenda kona kama vumbi linavyopenda kona za chumba. Kwa kiungo cha namna hiyo, ile 39 inakuwa namba ya kukufanya ukae macho. Ndiyo maana ukikuta fremu ya zamani yenye ufa, ukitazama vizuri mara nyingi ufa umeanzia ukingoni mwa kiungo, hauko katikati ya bomba.

Ribiti nazo zina namna yake. Hazichomi aloi, lakini zinaanza kulegea. Ikilegea kidogo, kila hatua inakuwa nyundo ndogo, na tundu linapanuka. Utaisikia kabla hujaiona: nyii, nyii, nyii, kutwa nzima. Mlio wa fremu ya nje watu wameufanyia utani kwa miaka mingi, wakati ni taarifa ya kiufundi.

Sasa kile kipini. Kwenye fremu za nje nyingi za Kimarekani, begi halikushonewa kwenye fremu. Limeshikwa kwa pini kadhaa zinazopita kwenye tundu la kitambaa lililozungushiwa pete ya metali, zikaingia kwenye bomba, na upande wa pili zikafungwa kwa kipete cha waya. Ukichomoa vipete, begi linatoka. Mikanda ya mabegani inatoka vilevile, na mkanda wa kiunoni pia. Pini ikipotea, unaweka skrubu na nati. Mkanda ukikatika, unanunua mkanda, hununui begi. Kitambaa kikichakaa, unashona kingine au unafunga ndoo, galoni, gunia, chochote.

Huu ndio ukweli uliofichwa ndani ya "haifi". Fremu ya nje inadumu kwa sababu inaachana. Sehemu zake zinakufa kila moja kwa wakati wake, na kifo cha moja hakiiburuti nyingine kaburini. Begi la fremu ya ndani ni familia inayoishi chumba kimoja: kile kijiti cha alumini kilichofichwa mgongoni kinasukuma chini kila hatua hadi kinatoboa kitambaa cha mfuko wake, na mshono uliopasuka pale umeshikana na sifongo, na sifongo imeshikana na mkanda, na mkanda umeshikana na begi zima. Fundi cherehani wa kawaida atakuangalia akuulize unataka aingilie wapi.

Lakini ukikubali kwamba sababu ni kuachana, inabidi ukubali na linalofuata: fremu ya nje isiyoachana haistahili sifa hiyo. Fremu ya kwanza ya plastiki ya mfumo wa MOLLE, uliokuja kurithi ALICE kwenye jeshi la Marekani, ililalamikiwa na askari kwa kuvunjika. Fremu ya nje hiyo, kwa maana zote za neno! Plastiki ikipata ufa huwezi kuipinda ikarudi, wala kuibandika ikaaminika. Fremu za sasa za nyuzi za kaboni nazo ni nyepesi ajabu na ngumu ajabu, ila haziagi. Alumini ikipigwa na jiwe inapinda, inakupa ishara, na unaweza kuinyoosha taratibu kwa magoti ukaendelea na safari. Kaboni iko nzima, iko nzima, kisha imekatika. Sisemi usinunue. Nasema usinunue kwa sababu ya hadithi ya begi la baba wa mtu.

Na hilo begi la baba wa mtu linatuleta kwenye kosa la kufikiri ambalo, kwa maoni yangu, ndilo baya kuliko yote katika mjadala huu. Tunayaona mabegi ya miaka ya 1970 yaliyopo. Yaliyokatika mwaka 1976 yalitupwa mwaka 1976, hayana wa kuyasimulia. Ukihesabu uimara kwa kutazama waliobaki, hata mikate ya barafuni itaonekana ya milele. Si mnamkumbuka Ötzi? Isitoshe, mengi ya mabegi hayo yaliyobaki yalitembea wiki moja kwa mwaka na kukaa darini wiki 51. Begi lililotundikwa darini kwa miaka arobaini halijatuambia lolote kuhusu hatua milioni sita.

Kinachotokea darini chenyewe ni somo, kwa sababu huko kitambaa kinakufa wakati fremu imelala. Nailoni ya mabegi haya hupakwa kwa ndani tabaka jembamba la polyurethani ili maji yasipite. Tabaka hilo, hasa la aina inayoitwa esta, lina adui anayeitwa unyevu. Molekuli za maji zinakata minyororo yake pole pole, na joto linaharakisha kazi. Matokeo unayajua hata kama hujawahi kugusa begi la milimani: ni sababu ileile inayofanya soli ya kiatu cha mtumba kilichoonekana kipya kabisa ikupukutikie barabarani siku ya tatu. Soli nyingi za namna hiyo ni polyurethani, na kiatu kilikuwa kinaoza kwenye boksi. Begi linaanza kunata, kisha linanuka kama matapishi ya mtoto, kisha linaachia magamba meupe juu ya nguo zako. Kwenye hewa kavu na baridi ya milima ya Colorado hali hiyo inachelewa. Chumbani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, usitegemee huruma.

Jua nalo lina kazi yake kwa upande wa nje. Mionzi ya urujuanimno inavunja nailoni hadi inakuwa kama karatasi, na mikanda ya juu ndiyo inayoanza.

Ndiyo maana nakasirika kidogo nikiona uimara wa begi unapimwa kwa namba moja tu, ile ya denia. "Hili ni la denia 500, lile ni la 210, kwa hiyo hili ni imara zaidi." Denia ni uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000. Basi. Inakwambia uzi ni mnene kiasi gani. Haikwambii umetengenezwa kwa nini, umefumwaje, umepakwa nini, wala mshono umeshonwa kwa uzi gani. Uzi mwembamba wa polithini yenye molekuli ndefu sana unaweza kuushinda uzi mnene wa poliesta ya bei rahisi kwa kukataa kukatika. Kuna vipimo vya kueleweka vya kusugua kitambaa, kama Martindale na Taber, lakini hata hivyo vinapima kipande cha kitambaa kilichotandazwa mezani. Begi lako litasuguliwa kwenye kona, likiwa limejaa, likiwa na mchanga. Na mkaguzi aliyelibeba siku mbili za mwisho wa wiki na kuandika "imara sana" amekupa habari za hatua kama elfu hamsini. Bado kama milioni sita.

Kuna jambo lingine wanalolikwepa, na hili linawaumiza mashabiki wa pande zote mbili. Kwa viungo vya kuchomelewa, wahandisi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba maisha ya kiungo yanabadilika kinyume na mkazo uliopandishwa kwenye kipeo cha karibu 3. Kwa lugha ya nyumbani: ukipunguza mkazo kwa nusu, maisha hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka kama mara nane. Kinyume chake pia ni kweli. Ukibeba kilo 30 badala ya 15 kwa sababu "fremu ya nje inaweza", umekula sehemu saba kati ya nane za maisha ya kiungo chako.

Ray Jardine, aliyeandika mwongozo wa Pacific Crest mwaka 1992 na kuwashawishi watembeaji wengi wapunguze mizigo, anakumbukwa kama mtu wa wepesi. Kwa hesabu hii alikuwa pia mtu wa uimara bila kutangaza hivyo. Wanaofuata njia hiyo leo wanahesabu uzito wa vitu vyote, bila chakula na maji, usizidi kilo 4.5. Kwa mzigo huo hata begi lisilo na fremu linafika Kanada. Litafika limechoka, pengine litatupwa, lakini litafika. Fremu ya nje ya kilo mbili na nusu kwa ajili ya mzigo wa kilo nne na nusu ni kama kukodi fuso kuhamisha godoro.

Fremu ya nje inastahili heshima yake pale mzigo ni mzito kweli na hauna umbo: nyama ya mnyama aliyewindwa, vifaa vya utafiti, betri, maji ya siku tatu jangwani. Na pale ambapo duka la mabegi liko mbali kuliko fundi.

Kuhusu fundi, nina tahadhari moja kwa wewe unayesoma hapa kwetu, kama umebahatika kupata begi la namna hii kwenye mitumba au kuachiwa na mgeni. Fremu ikipata ufa, usiipeleke kwa fundi wa mageti ukadhani ni kazi ya dakika tano. Si kwamba hajui kazi. Mashine yake ya kuchomelea chuma kwa vijiti haikuumbwa kwa bomba jembamba la alumini. Uso wa alumini una ngozi ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660. Akipandisha moto ili apasue ngozi, nyama ya ndani imeshakuwa uji na bomba limetoboka. Panahitajika gesi ya kukinga kama argoni, mashine ya kufaa, na mkono uliozoea; wapo wenye hayo, lakini uliza kwanza. Na hata akifanikiwa, ile habari ya nguvu kushuka hadi nusu inabaki palepale.

Afadhali ufanye kama wanavyofanya watembeaji njiani: chonga kijiti cha mti mgumu kiingie ndani ya bomba kwa kubana, kizidi ufa kwa sentimita kadhaa kila upande, kisha kaza kwa nje kwa klipu mbili za bomba la maji. Si nzuri kuitazama. Haichomi aloi, na ikilegea unakaza.

Na kama bado hujanunua, umesimama mbele ya begi la fremu la mtumba na muuzaji anakwambia "hii ni ya kizungu, haifi", usipoteze muda kugongagonga mabomba. Pitisha ukucha ukingoni mwa kila kiungo. Ufa unaukamata ukucha kabla ya jicho. Chomoa pini moja utazame tundu: likiwa duara ni salama, likiwa limevutika kama yai ujue pini imekuwa nyundo kwa muda mrefu. Angalia kama kuna unga mweupe pale pini ya chuma inapogusa alumini, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi vinaifanya ile alumini iliwe pole pole. Kisha fungua begi, ingiza kichwa ndani, na unuse. Likinuka vibaya na kunata, mwambie muuzaji unanunua fremu peke yake, na bei ianzie hapo.